Dakika Kumi na Tano za Mama

Ratiba ya asubuhi ya harusi Nairobi inajulikana. Bibi harusi anaketi kwa kiti saa kumi alfajiri na kukaa hapo masaa mawili, wakati mwingine matatu. Baada yake wanakuja wasimamizi wake, dakika arobaini kila mmoja. Halafu magari yanaanza kupiga honi, pasta ametuma ujumbe kuuliza kama watu wametoka, na hapo ndipo mtu anakumbuka kusema, "Na mama je?" Mama anatolewa jikoni alikokuwa akihesabu vikombe, anakalishwa na kupewa dakika kumi na tano. Anatoka hapo akiwa mweupe kuliko shingo yake, nyusi mbili nyeusi kama zilizochorwa na rula, na poda imekwama kwenye kila mstari wa uso. Anaambiwa amependeza. Anashukuru. Halafu kwa picha zote, zile zitakazokaa kwa ukuta wa sebule miaka thelathini, anaonekana kama amevaa uso wa kuazima.

Mimi ndiye hupewa hizo dakika kumi na tano. Binamu yangu ana kibanda cha urembo Umoja, na Jumamosi za harusi yeye ndiye hushika bibi harusi, msaidizi wake hushika wasimamizi, mimi naachiwa akina mama, mashangazi na nyanya. Si eti nilisomea. Mkono wangu hautetemeki, na alihitaji mtu wa bei rahisi. "Mamathe hawana makuu," alinishow siku ya kwanza. "Wapake tu wasikae wagonjwa."

Siku zingine naandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, deni la karo likiwa limenizidi kimo, na tangu hapo kodi ya nyumba hulipwa na kalamu ikisaidiana na brashi. Uandishi wenyewe si wa kutamba nao. Maduka ya mtandaoni ya ng'ambo hunitumia picha za krimu, nami nazitafutia maneno. Inapigana na dalili za uzee. Inafuta mikunjo. Inakurudishia ngozi ya ujana. Nalipwa kwa idadi ya maneno. Kwa hivyo Jumatatu hadi Ijumaa natangaza vita dhidi ya mikunjo, na Jumamosi mikunjo yenyewe inakuja, inaketi mbele yangu, inanisalimia na kuniuliza kama nimekunywa chai.

Nimefanya hivyo miaka mitatu sasa. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba ngozi ya mwanamke wa miaka 60 si ngozi ya msichana iliyochakaa. Ni ngozi nyingine, na ina sheria zake.

Ndani ya ngozi kuna kolajeni, protini inayoishikilia kama vile nondo zinavyoshikilia zege. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka, na madaktari wa ngozi wanasema mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni hiyo katika miaka 5 ya kwanza. Mafuta ya ngozi nayo hupungua. Ndiyo maana mama aliyezoea kung'aa bila kujipaka chochote anashtukia siku moja uso unamvuta akitoka kuoga. Hajakosea kitu. Nondo zimepungua tu.

Sasa, sisi watu weusi tuna ule msemo wa mtandaoni kwamba ngozi nyeusi haipasuki. Ni kweli kiasi. Melanini hukinga ngozi dhidi ya jua, kwa hivyo mikunjo huchelewa kutufikia. Lakini melanini hiyo hiyo ina hasira za karibu. Chunusi, kuungua na mafuta, mimba, miaka ya kushinda juani sokoni, kila kimoja kinaweza kuacha doa. Mama anafika miaka 60 akiwa na mistari michache, ila uso wake una rangi tatu au nne: paji jeusi, mashavu yenye madoa, weusi chini ya macho, weusi kuzunguka mdomo.

Ndiyo maana video nyingi za YouTube za mekapu ya watu wazima hunisaidia nusu tu. Nyingi zinafundishwa na wanawake wazungu, na shida yao kubwa ni mstari. Kwa kiti changu, mama hata hautaji mstari. Anashika shavu na kuuliza, "Hii itafichika?"

Jibu la haraka ni kuimwagia faundesheni nzito, halafu poda juu, imalizike. Na hapo ndipo uso wa kuazima huanzia. Kazi ya poda ni kunyonya mafuta. Ukiimwaga kwa ngozi isiyo na mafuta, inanyonya kile kidogo kilichobaki, halafu inateremka kwenye mistari na kukaa hapo kama vumbi kwenye nyufa za sakafu. Kuna mtindo rika langu wanaupenda, unaitwa kuoka: unarundika poda chini ya macho, unaiacha dakika kadhaa, kisha unaipangusa. Kwa msichana inaleta ule ulaini wa picha. Kwa mama wa miaka 60, akicheka mara moja tu, uso unatoa ramani ya Kenya na barabara zake zote.

Kwa hivyo mimi hufanya hivi. Kwanza losheni nzito yenye glisarini, halafu nasubiri. Huko kusubiri ndiko hakuna mtu anataka kulipia. Dakika tano, hata kumi, ngozi inywe. Wakati huo midomo iko na Vaseline. Kisha naenda kwa madoa peke yake, na konsila ya rangi ya chungwa, kidogo sana, kwa sababu chungwa huzima ule ukijivu ambao ungejitokeza baadaye. Halafu faundesheni ya majimaji, tone kwa tone, nikiigonga na sponji yenye unyevu, sisugui. Naanza katikati ya uso na kuisha kabla sijafika kando. Mahali ngozi iko sawa naiacha ilivyo. Watu hawaamini, lakini uso ukiachiwa sehemu za ngozi yake, hata pale palipofunikwa panaaminika.

Blasha ni ya krimu, na naiweka juu kidogo kuliko ningemwekea rafiki yangu, kwa sababu mashavu hushuka na miaka na rangi ikishuka nayo, uso wote unaonekana umechoka. Nyusi nachora unywele mmoja mmoja, kahawia nzito, si nyeusi tititi. Wengi walizing'oa wakiwa wasichana na hazikurudi. Kope sizivuti. Namwambia mama aangalie chini, natumia rangi isiyometameta, maana vimetameta hukusanyika kwenye mikunjo. Mdomo unaanza na penseli, la sivyo lipstiki inatambaa kwenye mistari midogo ya juu. Poda, kama ni lazima, inaenda puani na katikati ya paji, basi.

Halafu miwani. Macho ya karibu huanza kufifia watu wakivuka miaka 40, na hili hakuna video iliwahi kuniambia. Mama akivaa miwani yake ili ajione, vile viguu vya puani vinafagia faundesheni na kuacha alama mbili. Sasa siku zote nauliza kwanza, "Mama, kanisani utavaa miwani?" Akisema ndiyo, hapo puani sipaki kitu. Na ninapompa kioo, nampa miwani kwanza. Bila hiyo anaangalia ukungu wa rangi na kusema "asante mwanangu" kwa adabu tu.

Rangi nayo ina historia yake. Iman, yule mwanamitindo Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuondoka kwenda New York mwaka 1975, amesimulia kwamba katika kazi zake za mwanzo huko mpaka mekapu alimuuliza kama amebeba faundesheni yake mwenyewe. Yeye hakuwa na ya rangi ile. Mwaka 1994 Iman akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Mwaka 2017 Rihanna akatoa Fenty Beauty na rangi 40 za faundesheni kwa mpigo, na ilipofika mwaka 2022 ikaanza kuuzwa rasmi Kenya. Kwa mtu wa miaka yangu hizo ni habari njema za juzi. Lakini piga hesabu ya mama aliyezaliwa 1965. Rangi yake imefika dukani akiwa na miaka 50 na kitu, kwa bei ambayo angelipa angehesabu ni magunia mangapi ya makaa. Ujana wake wote dukani hakuwemo.

Kwa hivyo hajui rangi yake, na si kosa lake. Kina dada wa maduka ya Dubois Road wanamjaribishia nyuma ya mkono, na mkono wake umepigwa na jua na sabuni miaka arobaini, una rangi ya peke yake. Mimi hujaribu kwenye taya, nikiangalia shingo na kifua, kwa sababu uso wa mama wa Kenya mara nyingi ni mweusi kuliko kifua. Napata rangi ya katikati, wakati mwingine nachanganya mbili. Kisha namtoa nje, mlangoni, kwa mwanga wa Mungu. Taa ya bafu imedanganya watu wengi. Ukiona majivu nje, kwa picha yatakuwa majivu mara mbili.

Kuna jambo lingine linaloketi na hao akina mama kwa kiti. Wengi ni mara yao ya kwanza. Wamelelewa na wanawake wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea hadi huku, ambao kwao mapambo yalikuwa mambo ya dunia. Lipstiki ilikuwa ya mwanamke wa aina fulani, na hilo neno hawalitamki hata leo mbele yangu. Mama wa bwana harusi mmoja alishika mkono wangu nikiwa na brashi hewani, akasema, "Subiri niombe." Akaomba kweli. Akamaliza, akasema, "Sasa endelea, lakini nyekundu usiniwekee." Tukaenda na rangi ya zambarau iliyokoza, na nikamwona akijipitisha kwa kioo cha gari mara tatu.

Basi dunia iliwaambia mekapu ni dhambi, na dunia hiyo hiyo ikawauzia krimu za kujichubua. Hizo hazikuitwa mapambo. Ziliitwa usafi. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu miaka ya 1990, na bado ukijua wa kumuuliza utazipata. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni, ukiipaka miaka bila daktari, inaweza kukugeuka: ngozi uliyotaka iwe nyeupe inaingia weusi wa bluu-kijivu, hasa kwenye mifupa ya mashavu, na kuutoa ni kazi ngumu mno. Madaktari wanauita okronosisi. Nimeujua kwa kuugusa kabla sijajua jina lake.

Nimeugusa kwa uso wa mathe.

Mathe ni fundi wa nguo, ana miaka 58, na mashavu yake yana moshi huo tangu nikumbuke. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni joto la pasi. Desemba iliyopita mdogo wangu alikuwa anahitimu, wa kwanza kwa nyumba yetu, na mathe akanipigia simu wiki moja kabla. "Mami, si wewe hupaka watu? Na mimi nipake." Kwa miaka mitatu hajawahi kuuliza kuhusu hiyo kazi. Kwa majirani, mimi "niko mjini naandika", na anaachia hapo.

Nilifika kwake saa kumi na moja alfajiri. Nikampaka losheni, tukawa tunasubiri ngozi inywe. Labda ni huko kusubiri. Mtu akiwa amefumba macho na mikono yako iko usoni mwake, hana mahali pa kuangalia isipokuwa nyuma. Akaanza kusimulia bila mimi kuuliza.

Kabla nizaliwe alikuwa anashona chumba cha nyuma cha duka la nguo mjini. Wasichana wa mbele, wanaouza, walikuwa wanapata kamisheni, na mwenye duka alipenda wa mbele wawe weupe. Hakusema, ila ilionekana. "Nikanunua krimu kwa mshahara wa mwezi wa pili," mathe akasema. "Baada ya miezi sita nikawa mbele." Alikaa mbele miaka minne. Kwa kamisheni hiyo akanunua cherehani yake ya kwanza, akaacha lile duka, mimi nikiwa tumboni. Cherehani hiyo ndiyo ilitusomesha. Ndiyo ililipa mihula yangu mitatu ya chuo, na ilipofika wa nne ikashindwa.

Hakuna kitu nilisema. Nilikuwa na konsila ya chungwa kwa ncha ya kidole, juu ya shavu lake la kushoto, na ghafla sikujua kazi yangu ni gani. Kwa maneno ya kazi yangu ya wiki, hilo lilikuwa doa, na doa hufutwa. Lakini hapo chini ya kidole changu kulikuwa na bei ya cherehani.

"Mama, nifunike yote ama nipunguze?"

Akafikiria kama anavyofikiria mteja akimletea kitambaa cha zamani. "Funika," akasema. "Lakini isipasuke nikilia. Nitalia, najua. Na si kwa sababu ya huyu kijana peke yake."

Nikamwambia ageuke kidogo kwa dirisha.

Mekapu ya mtu atakayelia ina kanuni zake pia. Chini ya macho unaweka kidogo zaidi ya kidogo, ili machozi yasipate cha kubeba. Maskara ni ile isiyoingia maji, kope za juu peke yake, za chini unaziacha. Kwa mashavu nilienda tabaka tatu nyembamba mahali pengine ningeenda moja, nikisubiri kati ya kila moja, na sikuumaliza ule moshi wote. Ningeumaliza ningehitaji saruji, na saruji hupasuka. Niliufikisha mahali ambapo mtu aliye mbele yake angeona mama mzuri, na mtu anayemjua angeona mathe. Kisha nikampa leso na kumfundisha: "Usipanguse. Bonyeza tu." Akacheka. "Kama kupiga pasi hariri," akasema.

Akalia, kama alivyosema, jina la mdogo wangu liliposomwa na kila mtu akapiga vigelegele. Nilikuwa nimekaa naye. Alibonyeza, hakupangusa. Kwa mkono ule mwingine alikuwa ameshika goti langu, na alilishika hadi hotuba zote zikaisha.

Picha zipo. Mashavu yanashika mwanga vizuri. Kama unajua pa kuangalia, moshi unaonekana, upande wa kushoto hasa.

Tangu hapo nimeongea na binamu yangu. Sikupeleka hii hadithi, nilipeleka hesabu: mama akipakwa vizuri, shangazi watatu waliokaa nyuma yake kanisani wanauliza namba ya simu. Wao ndio wana doo na wao ndio huandaa ruracio na sherehe za kustaafu. Amekubali akina mama waingie kwa ratiba kabla ya wasimamizi, dakika arobaini, bei ile ile. Msichana wa miaka 23 akipewa haraka hakuna kinachoharibika. Ngozi yake inasamehe.

Kama wewe ndiye utampaka mathe wako, na huna hela ya kununua vitu vingi, nunua losheni nzuri, krimu ya kukinga jua ya kila siku, penseli ya mdomo na lipstiki inayolingana nayo. Faundesheni mtafute pamoja, nje, mchana, yeye akiwa na miwani yake. Na uanze mapema. Ukiwa na haraka, mkono utakimbilia poda.

Kazi ya maneno bado naifanya, kodi haijui mabadiliko ya moyo. Wiki iliyopita nilitumiwa krimu nyingine ya wanawake waliovuka 50. Nikaandika kwamba inalainisha ngozi kavu, kwamba inakaa vizuri chini ya mekapu na haikusanyiki kwenye mistari mtu akicheka. Mhariri amenirudishia. Anasema iko sawa ila haina nguvu, niongeze neno "kufuta" na neno "ujana", angalau mara mbili kila moja.

Hayo ni maneno manne ya kulipwa. Sijamjibu bado.